Mwinamo wa Mashine ya Tatu

Kengele ndiyo iliyotangulia. Ting! Ikanyamaza. Kisha ting-ting, kisha kengele tatu zikagombana kwa pamoja, na nyuma yake kitu cha chuma kikabingirika, kikagonga, kikaruka, kikagonga tena.

Mkaguzi wa mizani alisimama palepale katikati ya njia, mkoba wa mawe ya mizani ukimning'inia begani, watu wakimpita kulia na kushoto. Mwanamke mmoja mwenye kapu alimsonya. Hakumsikia. Kwa miezi miwili alikuwa akiutafuta mlio huo mji mzima. Ameuliza madukani, amepiga simu, amechekwa. Na sasa, kumbe, ulikuwa unatoka kwenye ghala lililotazamana na duka la misumari, alikotoka kukagua mizani dakika tano tu zilizopita.

Akavuka barabara, akainama chini ya mlango wa chuma uliofunguliwa nusu, akaingia.

Ndani kulikuwa na joto la bati na harufu ya grisi. Meza za biliadi zilikuwa zimelazwa ubavu, viti vya kinyozi vimepangwa mstari, na mwisho kabisa zilisimama mashine tatu za gololi, kila moja kwa miguu yake minne. Sanduku refu, kioo juu, na chini ya kioo gololi ya chuma inayofyatuliwa ipande, iteremke, ijigonge kwenye taa na kengele, hadi ifike chini kwenye vikono viwili. Mchezaji ana kitufe kushoto na kitufe kulia. Akiwahi kubonyeza, kikono kinairudisha juu. Akichelewa, imezama shimoni.

Chini ya mashine ya tatu ilichomoza miguu miwili yenye raba nyekundu.

"Bwana Dhamana," ilisema sauti kutoka huko chini, sauti ya kike yenye hasira ya mtu anayependa kazi yake, "ukiniletea tena taa mbovu nitakufungia humu na gololi zako. Nipe bisibisi ndogo."

Mkaguzi alitazama huku na huku. Akaokota bisibisi sakafuni, akaitia katika kiganja kilichonyooshwa.

"Hii kubwa."

"Hakuna ndogo kuliko hiyo."

Raba nyekundu zikatulia. "Wewe si Bwana Dhamana."

"Hapana."

"Sasa mbona umenipa bisibisi?"

"Umeiomba."

Kikasikika kicheko, na fundi akateleza nje akiwa amelala juu ya kibao chenye magurudumu. Ovaroli ya buluu, mikono imekunjwa hadi viwikoni. Kitambaa cha rangi ya machungwa kichwani. Shavuni doa la grisi, utadhani mashine imembusu.

"Nikusaidie nini, kaka?"

"Natafuta mashine ya kuweka nyumbani. Ya baba."

"Ipi kati ya hizi?"

"Sijui bado. Ndiyo maana nitazilinganisha." Akatoa daftari, futi ya chuma na chombo kidogo cha kupimia mwinamo, akavipanga juu ya kioo kimoja kimoja.

Fundi alivitazama vitu vile, kisha akamtazama mwenyewe: shati jeupe lililopigwa pasi hadi likakatika mistari, kalamu tatu mfukoni, viatu vinavyong'aa. "Kaka, umekuja kununua mashine au kuichumbia?"

"Kazi yangu ni mizani. Nazunguka madukani kuhakikisha kilo ni kilo. Siamini kitu ambacho sijakipima."

"Maskini mkeo."

"Sina mke."

"Nimeshaona kwa nini."

Akacheka mwenyewe. Mkaguzi naye, ambaye hakuwa mtu wa kucheka kazini, akajikuta anacheka.

Basi wakaanza. Mashine ya kwanza ilikuwa mpya kuliko zote, ina skrini na rangi za kuumiza macho. "Nzuri," fundi alisema, "lakini ukiungua ubao wake wa umeme, utasubiri mwingine miezi mitatu." Ya pili ilikuwa nzito kama kabati la nguo, na ilikuwa na sauti iliyomcheka mchezaji kila gololi ilipozama. "Hiyo baba ataipiga kwa fimbo," alisema mkaguzi, akaikata kwa mstari daftarini. Ya tatu ilikuwa mzee wa zote: kengele za kweli, tarakimu zinazozunguka kwa magurudumu, rangi imechujuka. "Lakini hii," fundi aliipigapiga ubavuni kama mtu apigavyo bega la rafiki, "hakuna kitu ndani yake nisichoweza kukitengeneza kwa spana na lehemu."

Mkaguzi alipima mwinamo wa kila moja. Akapima tena. "Zote nyuzi sita na nusu. Nani aliyeziweka hivi?"

"Mimi. Ukipunguza, gololi inasinzia. Ukizidisha, inakurupuka."

Akamtazama. Katika miaka saba ya kazi alikuwa amezoea watu wanaoficha vipimo. Leo alikuwa mbele ya mtu anayevipenda. Moyo wake ulipiga kengele bila kugongwa na kitu.

Baada ya hapo simu ikawa haipumziki. Mchana, saa ya chakula, jioni kwenye foleni ya basi.

"Fundi, ile ya tatu ina uzito gani?"

"Kilo mia na ishirini. Uliniuliza jana."

"Nilitaka kuhakikisha."

"Ulitaka kunisikia, Bwana Mizani. Mlango wenu una upana gani?"

"Sentimita themanini na moja na nusu."

"Hiyo nusu ni ya kweli au umeitia chumvi?"

"Njoo uipime."

"Ala! Kumbe na wewe una maneno!"

Kila Jumamosi asubuhi alikuja ghalani. Jumamosi ya nne Bwana Dhamana, mwenye ghala, mtu mnene mwenye miwani kifuani na neno "dhamana miezi sita" mdomoni, alimshika bega. "Kijana, mashine hizi ni tatu tu. Bado hujamaliza kuzihesabu?"

Jumatatu iliyofuata, akiwa ofisini na mihuri mezani, mkaguzi aliandika ujumbe, akaufuta, akauandika tena, akautuma kabla woga haujamrudia:

*Nimepima kila kitu, mizani na kilo zake,*
*Moyo haupimwi katu, wafuata njia yake.*

Simu ikalia papo hapo.

"Umeiba wapi?"

"Nimetunga."

"Wewe? Na hizo kalamu tatu?"

"Kwa ile ya katikati."

Kisha fundi akasema polepole, bila mzaha, "Nimeupenda, mpenzi." Akakata simu. Na mkaguzi wa mizani, mtumishi wa umma, akainuka akazunguka meza yake mara mbili.

Jumamosi ya tano alimleta baba yake.

Mzee alikuwa ameendesha malori miaka thelathini na mitano. Alivaa shati lililofungwa hadi kifungo cha shingo, na alitembelea fimbo aliyoiita gia. Kiharusi kilimpitia mwanzoni mwa mwaka, kikaondoka na nusu ya nguvu za mkono wake wa kushoto. Daktari wa viungo alimpa mpira wa kuminyaminya. Mzee aliutupa dirishani. "Mimi si mtoto. Kama ni kuchezesha mkono, nitafutieni ile mashine ya gololi tuliyokuwa tukicheza madereva, tukisubiri mizigo." Ndiyo safari yote ilipoanzia.

"Shikamoo, baba," alisema fundi.

"Marahaba, binti. Ndiye wewe unayemfanya mwanangu apige mluzi akipiga pasi?"

"Baba!" mkaguzi alilalamika.

"Nenda kapime gari la kubebea, wewe. Niache nicheze."

Mkaguzi akatoka na Bwana Dhamana kwenda nyuma kupima gari. Mzee akafyatua gololi ya kwanza kwenye mashine ya tatu. Ikapanda, ikaimba, ikashuka upande wa kushoto. Vidole vikabonyeza. Vikachelewa. Ya pili: kushoto tena, akachelewa tena. Ya tatu aliitazama inakuja, akaipania, na ikazama mbele ya macho yake.

Aliegemea kioo. Fundi alijitia kufuta taa ambayo ilikuwa safi.

"Binti."

"Naam, baba."

"Unaweza kumpunguzia kasi mnyama huyu? Na kikono hiki cha kushoto ukakiongezea nguvu? Kidogo tu."

"Naweza."

"Lakini mwanangu asijue." Sauti ilikwaruza. "Tangu niugue ananitazama kama kikombe chenye ufa. Nikishinda, nataka aamini nimeshinda. Utanitunzia?"

Fundi alimtazama mzee yule aliyekuwa amesukuma matani ya mizigo milimani, na sasa anaomba apunguziwe gololi. Akaweka kitambaa chini.

"Hatajua kutoka kwangu, baba. Nakuapia."

Siku mbili nzima alifanya kazi hiyo, baada ya kazi nyingine kwisha, bila kumwambia mtu. Alizungusha skrubu za miguu ya nyuma, mzunguko baada ya mzunguko, mwinamo ukapungua taratibu hadi ukafika nyuzi nne. Akabadilisha springi ya kikono cha kushoto. Akaweka mpira mnene ukingoni ili gololi isiteleze ovyo. Kisha akajifunga kitambaa kwenye vidole vya kushoto viwe vizito, akacheza, akarekebisha, akacheza tena, hadi vidole vile vilivyofungwa vikaweza kushinda. Alicheka peke yake. Kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya, na hakuwa na wa kumwonyesha.

Jumamosi ya sita mkaguzi alikuja kuichukua mashine, amevaa shati jipya la buluu. Ghala lilikuwa limejaa wateja waliokuja kutazama meza za biliadi. Lakini mtu wa mizani hatoi muhuri kabla ya kupima mara ya mwisho. Akaweka chombo chake juu ya kioo.

Nyuzi nne.

Akakifuta chombo kwa shati, akakiweka tena. Nne. Akabonyeza kikono cha kulia, kisha cha kushoto. Cha kushoto kilirusha gololi kwa nguvu maradufu.

Ndipo kazi yake ilipomponza. Alikuwa ameona mengi: sarafu iliyogandishwa chini ya sahani ya mizani, springi iliyokatwa, jiwe lililotobolewa tumboni. Alijifunza kwamba kosa moja linaweza kuwa ajali, lakini makosa mawili yanayovutia upande mmoja ni mkono wa mtu. Damu ikampanda.

"Fundi. Nani ameigusa mashine hii?"

Fundi alikuja akitabasamu. Tabasamu likafa njiani. "Mimi."

"Ilikuwa nyuzi sita na nusu. Leo ni nne."

"Najua."

"Na kikono?"

"Hicho pia ni mimi."

"Kwa nini?"

"Ipo sababu."

"Ipi?"

"Siwezi kukwambia."

"Siwezi kukwambia!" Sauti ya mkaguzi ilipanda, na wateja wakageuka. "Kila niliyemkamata na mizani ya uongo aliniambia hivyo hivyo, ipo sababu. Niseme mimi? Mnailegeza ili mteja akijaribu hapa dukani ajione bingwa, alipe haraka, aondoke. Wewe ni tapeli. Na mimi mjinga nikakuandikia beti!"

Neno "tapeli" likaanguka sakafuni, na hakuna aliyeliokota. Bwana Dhamana alivua miwani. "Fundi, umeichezea mashine yangu bila kuniambia?"

"Ndiyo, bosi."

"Nenda nyumbani. Nitakuita nikiamua."

Fundi angeweza kujiokoa kwa maneno matatu. Aliyaona yamejipanga kwenye ulimi. Akamwona pia mzee, shati limefungwa hadi shingoni. Akayameza.

Akavua glavu zake. Alipompita mkaguzi alisema kwa sauti ndogo, "Wiki sita umenipima, Bwana Mizani. Kumbe hukusoma kitu." Raba nyekundu zikatoka mlangoni, zikageuka kushoto, zikapotea kwenye umati.

Adhuhuri mkaguzi alikuwa sebuleni kwao, akitembea kutoka dirishani hadi mlangoni. Pembeni palikuwa pamefagiliwa na kuachwa wazi kwa ajili ya mashine.

"Nimemkamata, baba. Nilimpenda, na nimemkamata."

Mzee aliweka kikombe mezani. "Umemkamata na nini?"

"Ameilegeza mashine. Mwinamo nyuzi nne!"

"Na kikono cha kushoto?"

"Kina nguvu maradufu ya..." Mkaguzi akasimama. "Baba, umejuaje kuna jambo kwenye kikono cha kushoto?"

Mzee aliuinua mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, akaulaza juu ya goti, mahali ambapo wote wawili wangeuona.

"Mimi ndiye niliyemwomba," alisema. "Nilishindwa gololi tatu, mwanangu. Tatu mfululizo. Nikaona haya. Nikamwapisha asikwambie."

"Angeniambia tu, baba! Alikuwa anafukuzwa kazi!"

"Ndiyo. Akanyamaza." Mzee alitikisa kichwa. "Mimi nimefanya kazi na wanaume miaka thelathini na mitano. Wa kuninyamazia hivyo sikumpata hata mmoja. Na wewe umemwita nani?"

Mkaguzi alichukua simu. Ikaita hadi ikakata. Akapiga mara kumi na moja, na mara ya kumi na mbili ikapokelewa.

"Sema."

"Nimekosa."

"Najua. Kingine?"

"Baba ameniambia kila kitu."

Upande wa pili pumzi ilitoka, ndefu, kama ya mtu aliyetua ndoo kichwani. "Mzee amesema mwenyewe? Hukumbana?"

"Mwenyewe."

"Afadhali. Nilikuwa naogopa nitakasirika hadi niseme. Kesho saa nne nitakwenda kuchukua sanduku langu la vifaa. Usinipigie tena leo." Akakata.

Kesho yake saa nne kasorobo mkaguzi na baba yake walikuwa tayari ghalani. Mzee alivaa tai. Fundi alipoingia alikuwa na gauni la kijani lenye maua meupe, bila ovaroli, bila grisi, na mkaguzi akasahau sentensi ya kwanza aliyoikariri usiku kucha. Kwa hiyo akaanza na ya pili, na akaisema kwa sauti kubwa, hadi wateja kwenye meza za biliadi wakaacha kupapasa mbao.

"Jana, hapa hapa, nilimwita fundi huyu tapeli. Nilisema uongo. Alikuwa akifanya kazi aliyoombwa, na alikuwa akitunza siri aliyopewa. Mwenye kosa ni mimi. Nisameheni, na yeye anisamehe akiweza."

"Siri ilikuwa yangu," alidakia mzee. "Tazameni wenyewe."

Akaitundika fimbo kwenye kona ya mashine ya tatu, akafyatua. Gololi ikapanda, ikashuka taratibu, kushoto. Vidole vikasitasita, vikabonyeza. Kikono kikaitupa gololi juu kabisa, tarakimu zikazunguka. Ikarudi kushoto, akairudisha. Mara ya tatu, ya nne. Mkono wa mzee ulikuwa kazini. Mteja mmoja akapiga makofi, na wengine wakafuata.

"Imelegezwa," mzee aliwaambia bila kugeuka, "na mimi ndiye ninayecheza. Mwanangu, unanitazamaje?"

"Nakutazama kama mtu anayenishinda, baba."

"Vizuri."

Bwana Dhamana alikohoa, akavaa miwani, akaivua. "Fundi, nilikuhukumu kwa kusikia kelele. Rudi kazini. Samahani hii niliyokupa ina dhamana ya maisha."

"Siyo miezi sita?"

"Leo nimezidisha."

Fundi akacheka, na kicheko kile kilimpita mkaguzi mwilini kama maji baridi siku ya joto. Alimfuata hadi kwenye sanduku la vifaa.

"Bado nimekasirika," fundi alisema, akipanga spana ambazo hazikuhitaji kupangwa.

"Ni haki yako."

"Si lile neno lililoniuma. Ni vile ulivyokuwa na uhakika. Hukuyumba hata kidogo."

"Niliyumba nilipofika nyumbani. Nikaanguka kabisa."

"Umeumia?"

"Sana."

"Safi." Lakini pembe ya mdomo ilicheza.

Simu yake ikalia. Akaitazama, akashusha pumzi. "Mama. Jana alinikuta nalia jikoni, akanitoa maneno yote." Akapokea. "Shikamoo mama... Ndiyo, nimefika... Ndiyo, yupo... Mama, tafadhali... Haya." Akamnyooshea mkaguzi simu, macho yakiwa na huruma kidogo na furaha nyingi. "Anakutaka wewe."

"Shikamoo, mama," alisema mkaguzi, amesimama wima kama yuko mbele ya mkurugenzi.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemwita mwanangu tapeli mbele za watu?" Sauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba fundi hakuhitaji kusogea ili asikie.

"Ndiye mimi, mama."

"Umemwomba radhi wapi? Pembeni?"

"Mbele za watu, mama."

"Jana walikuwa wangapi?"

"Saba."

"Na leo?"

Mkaguzi akageuka, akahesabu vichwa. "Tisa."

"Afadhali. Sasa unamtakia nini mwanangu?"

Alimtazama fundi. Sanduku lilikuwa limefungwa tayari, na angeweza kulibeba akaondoka. Hakulibeba.

"Nataka kumwoa, mama. Akinikubali."

Fundi alijishika kiunoni. Akamwacha asubiri, na katika kusubiri huko mkaguzi alizeeka. Kisha fundi akainamia simu. "Mama, mwambie nimemkubali. Na mwambie hasira yangu itaisha Jumatano."

"Amesikia," mama akasema. "Lakini sijamaliza na yeye. Wewe kijana, huyu ana mambo yake, na mengine hamwambii mtu. Siku utakapokuta tena jambo lake usilolielewa, itakuwaje?"

Mkaguzi akaikaza simu sikioni. Hakumtazama mtu mwingine ila fundi, na aliongea polepole ili kila neno lifike kwa wote wawili.

"Mama, nakuahidi, naye anasikia. Siku hiyo nitakaa chini nimuulize. Na akiniambia ipo sababu lakini hawezi kuitaja, nitamwamini bila kuijua."